Mwongozo kamili: Kuchora na kuchapa katuni ya shujaa kwa sura ya zamani, kwa vifaa vya Arusha na Moshi

Kosa la kwanza la mtu anayetaka katuni yenye sura ya miaka ya 1940 au 1960 ni kuanza na chai. Anachora ukurasa wa kisasa, anaujaza rangi zinazong'aa, kisha anaupaka chai au kuubandikia juu picha ya karatasi iliyochakaa. Anachopata ni ukurasa wa kisasa uliochafuka. Sura ile haikuletwa na uzee. Ilikuwepo tangu siku kitabu kilipotoka mtamboni kikiwa kipya, senti 10 au 12 za Marekani mkononi mwa mtoto. Ililetwa na karatasi duni ya magazeti, wino wa rangi tatu pamoja na mweusi, viwango vichache vya kila rangi, na mitambo iliyokimbizwa hadi rangi zikawa hazikai sawasawa juu ya mistari. Wachoraji waliyajua hayo, nao walichora kwa kuyakwepa. Ukijifunga kwa mipaka yao kuanzia penseli, chai hutaihitaji.

Mfano wetu ni mmoja, mwanzo hadi mwisho: ukurasa wa fremu tano ambapo shujaa anaizuia Hiace iliyokatika breki ikikimbilia kipilefti cha Mnara wa Saa, Arusha. Aliyeko Moshi aweke mnara wake na mlima wake. Hatua ni zilezile.

Karatasi na vipimo

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, kurasa za asili za katuni za Marekani zilichorwa kwenye eneo la inchi 10 kwa 15, yaani sentimita 25.4 kwa 38.1, kisha zikapunguzwa wakati wa kuchapa. Kabla ya hapo walichora kubwa zaidi, karibu mara mbili ya saizi ya kitabu. Kwetu hiyo ya baadaye ndiyo inayofaa, kwa sababu inaingia kwenye A3 na kubakiza kando ya sentimita 2 hivi kila upande. Tutaipunguza hadi asilimia 60, iwe inchi 6 kwa 9.

Kupunguza kunaficha mtetemo wa mkono na kufanya mistari ionekane imara. Lakini pia kunaminya: mstari wa milimita 0.5 unakuwa 0.3, na ule wa 0.2 unabaki 0.12, ambao printa nyingi za stationery zinaukatakata. Usichore chochote chembamba kuliko milimita 0.3.

Nunua manila nyeupe nzito, gramu 160 hadi 200. Za rangi waachie walimu. Manila nyingi zina upande laini na upande wenye ukakasi kidogo. Wino uende upande laini. Kabla ya kununua shiti kumi, nunua moja na uijaribu: piga mstari wa wino, subiri dakika moja, kisha usogeze kamera ya simu karibu kabisa. Ukiona vinywele vinachomoza pembeni mwa mstari kama mizizi, karatasi hiyo inakunywa wino na hakuna ufundi utakaoiokoa. Karatasi ya rimu ya gramu 80 inakunywa karibu kila mara. Waombe dukani wakukatie A3 kwa mashine ya kukatia, maana mkasi unaacha kona zilizopinda, na kona iliyopinda itakusumbua ukifika kwenye skana.

Piga mstatili wa 25.4 kwa 38.1 kwa penseli. Ugawe safu tatu zenye nafasi ya milimita 6 kati yake: kila safu inapata sentimita 12.3. Safu ya juu na ya chini zigawe mara mbili, kila fremu iwe na upana wa sentimita 12.4. Safu ya kati iache nzima. Tayari una fremu tano.

Vya kuchorea

Penseli ya HB au 2H, na penseli ya rangi ya bluu hafifu kwa skechi ya awali. Bluu hiyo si pambo. Filamu zilizopiga picha kurasa za zamani hazikuiona bluu hafifu, na skana yako nayo ni rahisi kuifanya isiione, kwa hiyo hutahitaji kufuta sana. Wino mweusi usiotoka kwa maji, ule unaoandikwa "India ink" kwenye chupa. Wino wa kalamu za shule haufai: ukikauka unabaki wa kijivu, na jasho la kiganja linautoa. Brashi ya duara namba 2 au 3 yenye ncha inayorudi ikichovywa majini. Kalamu ya kuchovya yenye nibu inayonyumbulika ukiipata. Usipoipata, brashi pamoja na kalamu za nyuzi za 0.3, 0.5 na 0.8 zinatosha. Rula yenye ukingo ulioinuliwa, ili wino usivutwe chini yake. Rangi nyeupe ya akriliki kwa masahihisho. Nyeupe ya kufutia makosa ya ofisini inaacha kigaga ambacho nibu inakwama juu yake.

Kupanga fremu

Katuni za zamani hazikuwa na pembe za ajabuajabu kila fremu. Macho ya msomaji mara nyingi yalikuwa usawa wa kifua, na fujo ilitengenezwa na miili. Fremu ya 1: dereva, jasho, mguu umekanyaga breki hadi sakafuni. Fremu ya 2: konda anang'ang'ania mlango, shati limejaa upepo. Fremu ya 3, ile pana: kipilefti, mnara, watu wanatawanyika, Hiace inatokea kushoto, shujaa anatua kulia. Fremu ya 4: viganja juu ya bati la mbele, matairi yanachimba lami. Fremu ya 5: kimya, vumbi linatua, konda ananyoosha mkono: "Braza, nauli yako bado!"

Gari liende kutoka kushoto kwenda kulia katika fremu zote. Ukiligeuza fremu moja tu, msomaji ataona magari mawili yanayokaribia kugongana.

Kuna mitego miwili ya hapa kwetu. Mnara wa Saa si mrefu. Ukiuchora kama unavyoonekana na mtu aliyesimama upande wa pili wa barabara, unakuwa kama kikombe cha mashindano. Shusha mstari wa upeo hadi usawa wa magoti ya watu, mnara upande juu yao na ukate ukingo wa juu wa fremu. Mtego wa pili ni Hiace yenyewe, ambayo haina pua. Shujaa wa Marekani alizoea kushika boneti ndefu. Hapa viganja vinatua kwenye bati fupi chini ya kioo, mikono ikiwa imenyooka, na uso wa dereva uko sentimita chache kutoka uso wa shujaa. Usiikimbie hali hiyo. Ndiyo fremu nzuri kuliko zote kwenye ukurasa.

Kuhusu mwili, mtu wa kawaida ni kama vichwa saba na nusu kwa urefu. Shujaa mpe vinane na nusu, uongeze kwenye miguu na kifua, wala usimnenepeshe shingo. Konda mwache na saba. Tofauti hiyo ndiyo inayomfanya shujaa aonekane shujaa hata akiwa na urefu wa sentimita 3 baada ya kupunguzwa.

Maneno kwanza, wino baadaye

Zamani mwandishi wa herufi aliipata karatasi ikiwa na penseli tu, akaweka maneno, ndipo ikaenda kwa mpiga wino. Fuata mpangilio huo. Ukipiga wino kwanza, maputo ya maneno yataangukia juu ya mikono uliyohangaikia saa mbili.

Herufi ziwe kubwa zote, kimo milimita 4.5, na nafasi ya milimita 2 kati ya mistari. Zikipunguzwa zinafika milimita 2.7, na hapo bado zinasomeka. Piga mistari ya mwongozo kwa penseli ya bluu; herufi zilizoandikwa kwa macho matupu zinapanda mlima. Andika kwa 0.5, na neno la kusisitiza kwa 0.8. Alama ya mshangao ilitumika kila mahali kwa sababu nukta moja ndogo ilipotea kwenye karatasi mbovu, kwa hiyo usione aibu kuimwaga.

Kiswahili kina tatizo ambalo miongozo ya nje haiwezi kukuambia: maneno yetu ni marefu. "Nitakusimamishia" ni neno moja lenye herufi 16, na puto la fremu yenye upana wa sentimita 12.4 linashika kama herufi 18 kwa mstari kabla halijala nusu ya picha. Usikate neno kwa kistari katikati ya puto. Linasomeka kama gazeti lililochanika. Badilisha sentensi. "NITAKUSIMAMISHIA HILO GARI!" iwe "HILO GARI NIACHIE MIMI!" Maneno mafupi yakae mstari wa kwanza na wa mwisho, marefu katikati, ndipo puto linapata umbo la yai lenyewe. Kwa Kiswahili, maneno 20 kwa fremu ni mengi ya kutosha.

Chora herufi kwanza, puto baadaye, ukiacha hewa ya angalau milimita 3 kuzunguka maneno. Mkia uelekee mdomoni, uishie nusu ya safari. Na katika fremu yenye wasemaji wawili, anayeanza kusema awe kushoto na juu. Kwenye fremu ya 2 konda anapiga kelele na abiria anamjibu. Ukimweka konda kulia, jibu litasomwa kabla ya swali.

Sauti ndiyo sehemu ambayo hatuna haja ya kuazima. Mtu anayeandika "BOOM" na "CRASH" katika katuni ya Kiswahili ameacha ghala wazi akaenda kukopa unga. Tanakali zetu zinajua kitu kimeangukia wapi: majini ni CHUBWI, mchangani TIFU, matopeni TAPWI, sakafuni PA, na kitu kizito kikianguka ni PUU. Shujaa akitua kwenye vumbi la kando ya barabara, TIFU inaeleza ardhi bila kuichora. Herufi za sauti zichore kama kitu chenye uzito: muhtasari wa milimita 1, ndani wazi kwa rangi, irabu zikikua kuelekea mwisho wa mshindo: PUUUU! Zivuke ukingo wa fremu kidogo, lakini zisiguse puto.

Wino

Anza na mipaka ya fremu kwa rula na 0.8, kisha maputo, kisha watu walio mbele, mwisho mandhari. Mstari wa mtu wa mbele uwe mnene, milimita 1 hadi 1.2 upande wa kivuli. Wa mnara na majengo 0.3 hadi 0.5, sawasawa, bila kunenepa. Tofauti hiyo peke yake inatenganisha tabaka za picha kabla ya rangi yoyote.

Weusi mzito upange kabla hujachovya brashi. Weka alama ndogo ya X kwa penseli kila mahali patakapojazwa: ndani ya mlango wa Hiace, chini ya gari, upande mmoja wa mnara, kwapa la shujaa, nywele. Kisha fumba jicho moja, finya la pili na uutazame ukurasa wote kwa mbali. X zikikusanyika kona moja, ukurasa umeinama, zihamishe. Theluthi moja ya ukurasa kuwa nyeusi si nyingi kwa mtindo huu. Wanaoanza huogopa weusi na kujaza vimistari badala yake, halafu vimistari hivyo vikipunguzwa vinaungana na kuwa tope la kijivu. Katuni ya gazetini Tanzania, tangu enzi za Chakubanga kwenye gazeti la Uhuru, imeishi kwa wino mweusi peke yake. Ukurasa wako nao unapaswa kusomeka hivyo kabla ya rangi.

Kivuli cha msuli kinapigwa kwa mistari inayoanza minene na kuisha kama unyoya. Anza kwa kugandamiza, vuta kuelekea kwako, inua taratibu. Usipinde kifundo cha mkono kufuata umbo, geuza karatasi. Nafasi kati ya manyoya iwe angalau sawa na unene wa ncha zake, la sivyo yataungana. Kwa nguvu zinazotoka viganjani mwa shujaa, tumia makundi ya madoa meusi ya duara ya ukubwa tofauti, yanayogusana na kuacha nyeupe katikati, kama alivyofanya mchoraji wa Marekani Jack Kirby. Madoa yote yakilingana ukubwa, yanaonekana kama dengu zilizomwagika.

Nusu ya manyoya ya brashi iliyo upande wa ncha tu ndiyo ichovye. Wino ukifika kwenye chuma unaganda humo na ncha inagawanyika mara mbili daima. Kwenye joto la Moshi wino huganda kwenye nibu haraka. Ifute kwa kitambaa chenye maji kila dakika chache. Wakati wa masika mambo yanageuka: manila inavuta unyevu na weusi mzito unachelewa kukauka, kwa hiyo kufuta penseli kusubiri hadi kesho yake. Weka kipande cha karatasi safi chini ya kiganja muda wote. Mahali palipopata mafuta ya ngozi panakataa wino, na utaona vitundu vyeupe ndani ya weusi.

Skani

Skana nyingi ni za A4. Laza ukurasa kwa upana, uskani nusu ya juu, kisha nusu ya chini. Zinapishana kwa sentimita 4 hivi, zinazotosha kuziunganisha. Mwambie mhudumu: dpi 600 (vitone 600 kwa inchi), kijivu, PNG au TIFF. Asipoambiwa, mara nyingi utapewa PDF ya dpi 200 au 300 iliyobanwa, yenye ukungu kuzunguka kila mstari, nawe utagundua ukishafika nyumbani. Fungua faili palepale na uikuze.

Programu ya kuhariri picha ya GIMP ni ya bure na inatosha. Unganisha nusu mbili, kata eneo la mchoro: litakuwa na pikseli 6000 kwa 9000. Lipunguze hadi 3600 kwa 5400, ambayo kwa dpi 600 ni inchi 6 kwa 9 kamili. Ndipo utumie Threshold kuifanya nyeusi na nyeupe tupu. Mpangilio huo usiugeuze: ukitumia Threshold kabla ya kupunguza, kijivu kinarudi. Baada ya hapa usibadilishe ukubwa wa picha tena, hata kidogo.

Rangi, na suala la ngozi

Mtambo ulikuwa na samawati, pinki kali na njano, kila moja kwa kiwango cha asilimia 25, 50 au 100, au bila kabisa. Viwango vya chini ya 100 vilichapwa kwa nukta ndogondogo. Viwango vinne kwa rangi tatu vinatoa michanganyiko 64, basi. Nyeusi ilibaki kwa mistari. Ndiyo maana mashujaa walivaa nyekundu, njano na bluu: rangi za asilimia 100 hazina nukta, zinabaki kali hata mtambo ukiteleza. Aliyezoea kuchora Tingatinga ana faida hapa, kwa kuwa ameshazoea rangi bapa isiyoyeyuka kuelekea kivuli. Kivuli ni kazi ya wino.

Sasa ngozi. Palette ile, yaani mkusanyiko ule wa rangi, haikumfikiria mtu wa Ngarenaro, Arusha. Kwa 25, 50 na 100 pekee, kahawia haipatikani vizuri: samawati 50, pinki 50, njano 100 inaelekea kijani cha mzeituni, pinki ikipanda hadi 100 inakuwa damu ya mzee. Kahawia nzuri iko katikati, na hapa tunashauri uvunje kanuni waziwazi kwa kuongeza kiwango cha 75, kwa ngozi tu. Macho ya msomaji hayatagundua kuwa palette imeongezeka; yatagundua haraka kama konda ana ngozi ya kijani.

Paka rangi kwenye tabaka lililo chini ya mistari, kwa namba za RGB zinazobeba viwango hivyo: 255 ni hakuna, 191 ni asilimia 25, 128 ni 50, 64 ni 75, na 0 ni 100. Zima ulainishaji wa kingo (antialiasing) kwenye kifaa cha kujazia, na rangi iingie chini ya mstari mweusi hadi katikati yake.

- Nguo nyekundu ya shujaa: 255, 0, 0
- Bluu ya nguo: 0, 128, 255
- Njano: 255, 255, 0
- Ngozi kwenye mwanga: 191, 128, 64
- Ngozi kivulini: 128, 64, 0
- Ngozi nyeusi zaidi kwenye mwanga: 128, 64, 64
- Lami: 191, 191, 191
- Mlima Meru kwa mbali: 128, 191, 255
- Vumbi: 255, 191, 128

Kwenye skrini zitaonekana za kitoto. Ziache, ni vyombo vya kubebea namba tu.

Vumbi liangalie kwa makini. Mkono utakutuma uchanganye vumbi jekundu la kwetu kwa 191, 128, 64, ambayo ndiyo hasa ngozi ya mtu aliye juani. Fremu ya 5 ikipakwa hivyo, miguu ya konda inayeyuka barabarani, anabaki kaptula inayoelea. Ndiyo maana vumbi kwenye orodha ni jepesi na halina samawati kabisa. Hiace nyeupe iache karatasi ilivyo. Na kwenye fremu ya 4, ya mgongano, futa anga na weka njano tupu nyuma. Wapaka rangi wa zamani walibadilisha mandhari kwa ajili ya mshindo bila kumwomba radhi mtu yeyote.

Nukta

Tabaka la rangi peke yake, bila mistari, ligawe kwa Decompose katika RGB, kila chaneli iwe picha yake. Chaneli nyekundu ndiyo bamba (sahani ya kuchapia rangi moja) la samawati, kijani ni bamba la pinki, bluu ni bamba la njano. Kila moja ipitishe kwenye Newsprint, nukta za duara, nyeusi juu ya nyeupe, hatua ya pikseli 10 kati ya nukta na nukta. Kwa dpi 600 hizo ni nukta 60 kwa inchi, karibu na zile za magazeti ya katuni. Pembe: samawati nyuzi 15, pinki 75, njano 0. Pembe zikilingana, au samawati na pinki zikikaribiana sana, utaona mawimbi makubwa kama ya pazia la neti.

Pima kabla ya kuendelea. Kwenye asilimia 25 kipenyo cha nukta kinapaswa kuzidi kidogo nusu ya umbali kati ya vituo vya nukta. Kwenye 50 ni kama sehemu nane kwa kumi za umbali huo, nukta bado hazijagusana. Kwenye 75 zinakaribia kabisa kuungana. Kama kwenye 50 zimeshashikana na kuacha vitundu vyeupe, programu imezisoma nzito. Pandisha mwangaza wa bamba kwa Curves, ukijaribu kwenye kipande kidogo, hadi zilegee.

Geuza kila bamba kuwa RGB. Juu yake weka tabaka la rangi ya wino kwa hali ya Lighten only, kisha uyaunganishe: samawati 0, 174, 239, pinki 236, 0, 140, njano 255, 242, 0. Panga mabamba matatu kwa Multiply, na mistari myeusi juu kabisa. Nyeusi yenyewe usiiache 0. Iwe 35, 31, 32, kwa sababu wino mweusi kwenye karatasi ya magazeti haukuwahi kuwa nyeusi ti.

Kuteleza kwa mtambo kunakuja sasa. Sogeza bamba la pinki pikseli 7, yaani milimita 0.3, kulia na chini kidogo. Bamba moja tu, ukurasa wote, upande uleule. Wengi husogeza kila fremu kivyake, na hapo ndipo uongo unapoonekana: bamba lilikuwa kipande kimoja cha chuma, likiteleza linateleza lote. Zaidi ya pikseli 12, midomo inahama usoni.

Kwa simu tengeneza nakala tofauti tangu kabla ya nukta: punguza rangi na mistari hadi upana wa pikseli 1080, kisha weka nukta upya kwa hatua ya pikseli 8. Ukipunguza faili la kuchapa lenye nukta tayari, utapata mawimbi. WhatsApp itume kama dokyumenti. Nakala hii ndiyo pekee inayohitaji rangi ya karatasi nyuma, 244, 236, 215 kwa Multiply. Ukitaka na uzee, ongeza kahawia kwenye kingo tu, kwa kuwa karatasi ya magazeti huanza kuungua pale hewa na mwanga vinapoingilia.

Kuchapa na kufunga

Faili la printa lisiwe na rangi ya karatasi. Tumia karatasi ya krimu ya gramu 80. Karatasi halisi ya magazeti ni nyepesi mno, inakwama kwenye roli. Leza ni bora kuliko inkjeti, kwa sababu kwenye karatasi ya kawaida inkjeti inatanua nukta na asilimia 50 inakuwa kama 70. Stationery zinazohudumia wanafunzi wa vyuo, za Njiro, Arusha, au jirani na Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, ndiko pa kuulizia kwanza printa ya A3 ya rangi. Sisitiza ukubwa wa asilimia 100; "fit to page" inabadilisha kipimo na kuleta mawimbi yaleyale. Chapa kwanza kipande cha ukurasa kwenye A4 moja, ulipe hiyo, utazame ngozi na lami, ndipo uagize zote.

Kitabu chetu kikishakatwa kitakuwa takriban sentimita 17.5 kwa 26. Ukifikisha kurasa 8 za namna hii, zinatoka kwenye A3 mbili zilizochapwa pande zote na kukunjwa katikati. Karatasi ya nje: upande mmoja 8 kushoto na 1 kulia, nyuma yake 2 na 7. Ya ndani: 6 na 3, nyuma yake 4 na 5. Printa igeuze kwa ukingo mfupi, la sivyo ukurasa wa pili utasimama kichwa chini. Mchoro usiuweke katikati ya nusu ya A3: uweke sentimita 1.1 kutoka kwenye mkunjo, kwa sababu upande wa mkunjo haukatwi. Ukiuweka katikati, baada ya kukata utabaki na kando ya karibu sentimita 3 ndani, na nje mchoro wenyewe utakatwa kama milimita 6.

Pini mbili, kila moja sentimita 6.5 kutoka ncha za juu na chini za kitabu kilichokwisha kukatwa. Stapla ya kawaida haifiki katikati ya A3; ifungue, weka karatasi juu ya boksi nene la katoni, piga kutoka nje ya mkunjo, inua taratibu na ukunje miguu ya pini kwa mgongo wa kijiko. Kata baada ya pini, kamwe si kabla, maana karatasi ya ndani huchomoza kidogo ikishakunjwa. Anza na ukingo wa nje, kisha juu, kisha chini, kwa wembe mpya na rula ya chuma, mikato mitatu au minne myepesi kila upande.